Milango ya Nyuma Niliichora Mimi

Yaya Paluku, kaka yangu,

Najua huko uliko barua zinasomwa kwenye simu, kwa kidole kimoja, huku mtu akinywa kahawa. Hii isome umekaa. Na yeyote atakayeikuta njiani kabla yako aisome pia. Sina siri nayo tena.

Unakumbuka salle ya michezo ya Papa Ramazani, hapa Butembo? Pikap yake ilikuwa inapeleka chumvi na sabuni hadi Mutwanga, chini ya Ruwenzori, na safari moja ya Dubai, alikoenda kununua vitenge, alirudi na mashini ya mchezo na televisheni mbili. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, mshahara wa walimu ulikuwa hadithi, lakini groupe yake ya umeme ilinguruma kila siku kuanzia saa nane mchana. Sisi wawili tulisimama nyuma ya wenye kucheza. Mchezo ulikuwa na mashujaa wa panga, wachawi, joka lenye mabawa, na maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Donc hatukusoma hata neno moja. Tulisoma nchi.

Wewe ulipenda milima na kuta za ngome. Mimi nilikuwa na malalamiko. Nilikuambia miti yote ya nchi ile ni mti mmoja, umepigwa kama muhuri mara mia. Kijiji kina nyumba kumi, choo hakuna. Watu wanakula mkate, shamba hakuna. Milango mingine imechorwa tu, na inayofunguka yote ni ya mbele. Ulicheka mpaka wakatufukuza, na nje ukaniambia, "Basi tuchore yetu, weye utie vyoo."

Tukapata kaye ya hesabu, daftari lile la miraba midogo, na penseli za rangi kumi na mbili. Sheria uliiweka wewe, na ilikuwa nzuri: kila mraba rangi moja tu, kwa sababu ulikuwa umesogeza pua kwenye televisheni ukaona picha yote ni miraba. Wewe milima, mimi vijiji. Mgomba niliupata baada ya kuharibu kurasa nne: kijani cha giza chini, kijani cha mwanga juu, na mraba mmoja wa manjano kwa ajili ya jani linalokufa. Kila nyumba yangu nilitia mlango wa nyuma unaotokea kwenye migomba, kwa sababu Baba alikuwa ametoboa wetu mwezi ule, tulipoanza kulala na viatu. Sikuona ajabu yoyote. Nilifikiri nyumba zote duniani zinajengwa hivyo.

Halafu tukagombana juu ya theluji. Wewe ulisema ni nyeupe, theluji ni theluji. Mimi nilikuwa nimemsikia Papa Ramazani akisema ile ya Ruwenzori asubuhi ina rangi nyingine. Kujua ilibidi kwenda Mutwanga kuitazama. Ni watoto wa wapi wanaosafiri katikati ya vita ili kuchagua penseli? Ni sisi. Tulipanda pikap ya Papa Ramazani, juu ya magunia ya chumvi, kaye ikiwa ndani ya shati langu.

Bariere, kizuizi cha askari, ilikuwa mbele kidogo baada ya Beni. Askari alinipapasa, akaitoa kaye, akaifungua katikati, kwenye ukurasa wenye barabara zote. Hakuwa mtu wa huku. Kiswahili chake kilikuwa na Lingala ndani. Akauliza hii ni karte, ramani, ya wapi. Nikamjibu ni ya mchezo, nchi yenyewe haipo.

"Inchi haiko, na barabara iko?"

Kwa hilo alikuwa na haki. Akaweka kidole juu ya joka lako jekundu, pale mlimani.

"Na hii nyoka ya mabawa, iko upande wa nani?"

Juu ya magunia hakuna aliyecheka. Papa Ramazani alijaribu kueleza, akaambiwa arudi kwenye usukani wake. Ndipo askari akauliza kaye ni ya nani. Nilikutazama, Yaya. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, wewe kumi na saba, na nyumbani wewe ndiye uliyejua kuongea na wakubwa. Nilingoja useme ni yetu. Wekundu wa joka ulikuwa bado kwenye kucha zako.

"Iko yake, chef. Miye hapana jua mambo ya kuchora."

Pikap iliondoka nawe juu yake. Nilikaa pale siku sita, nikiteka maji na kupasua kuni, na kila jioni mkubwa wao alinifungulia kaye akitaka nimwonyeshe ile ngome iko wapi kweli. Nyumba zangu zote alikuwa amezizungushia kalamu: mlango wa nyuma, alisema, ni wa mtu mwenye kitu cha kuficha. Kipigo sitakiandika. Siku ya saba Mama alifika na Tantine, shangazi wa Beni, wakapiga magoti, nikaachiwa. Mama alirudishiwa kaye.

Wewe ulirudi kutoka Mutwanga ukasema theluji asubuhi ina wekundu kidogo, kama ndani ya pera. Kumbe nilikuwa na haki. Wiki mbili baadaye ulipita mpaka wa Kasindi kwenda Kampala, na kaye ikaondoka nawe. Mama aliniambia, "Aliogopa, Kambale. Batu banaogopaka." Nilikubali. Kuogopa ninakuelewa. Miaka yote hii nimekutetea kwa watu.

Sasa ninachora vibao: saluni, famasi, mashini za kusaga. Mwaka huu Zaina, binti wa Papa Ramazani, ambaye sasa ndiye anayeshika salle, aliniita nimchoree ukutani picha ya mchezo mpya unaopendwa. Akanipa karatasi yenye picha ya kunakili. Niliishika, nikakaa chini kwenye vumbi. Migomba. Mraba wa manjano. Milango ya nyuma. Nilichora siku mbili, kutoka kichwani, kisha Zaina akaja, akatazama, akasema haifanani sana na ile ya karatasi.

Akaniwashia mchezo wenyewe. Nilitembea ndani ya vijiji vyangu, Yaya. Nikiri umefanya kazi: maji yanatembea, kivuli cha mgomba kinafuata jua, vyoo vipo. Mwishoni nilisoma majina yote ya waundaji yanayopita, hadi la mpishi wa ofisi. Paluku yuko juu kabisa, peke yake. Mtu yeyote wa huku akisoma Paluku anajua ni mzaliwa wa kwanza, na atauliza wa pili yuko wapi. Huko kwenu hawajui kuuliza. Zaina akanionyesha pia ulivyoongea mbele ya kamera: nchi hii uliichora peke yako, vitani, na milango ya nyuma ni wazo lililokujia juu ya uhuru.

Donc kaye ilipokuwa kosa, ilikuwa yangu. Ilipokuwa sifa, ikawa yako. Yetu ilikuwa saa ngapi?

Ningeweza kuishia hapo. Mais mwezi uliopita ulimpigia Tantine, si mimi, ukamwomba aniulize kwa upole kama bado ninao kichwani ule msitu wa upande wa pili wa mlima, tuliokuwa hatujafikia kuuchora kwenye kaye, kwa sababu watu wanataka mchezo uendelee. Tantine aliniambia huku akiangalia dirishani.

Ninao. Nimeuchora wote. Hautakuja kwako.

Nilimwomba Zaina ukuta mrefu, ule wa barabarani, akanipa. Msitu uko pale tangu Jumatatu, mraba kwa mraba, na chini yake, kwa herufi kubwa kama za famasi, jina langu. Wachezaji wakitoka salle wanasimama, wananiuliza mchezo wenye msitu huu unapatikana wapi. Ninawajibu: hapa tu.

Mama ni mzima, anakusalimia. Ukae vizuri huko.

Mdogo wako, wa pili