Chumba cha Mgeni

Jumatatu, 4 Agosti

Magunia ya mpunga tangu saa moja asubuhi. Pumba puani, pumba kwenye nywele, pumba hadi ndani ya sidiria. Ukarani wa mashine ya kukoboa ndio huu: kupima, kuandika majina, kugombana na wateja wanaodai mchele wao umechanganywa na wa mwingine. Leo nimegombana mara tatu. Ya nne sikuwa na nguvu, nikamwacha mwenyewe atukane mpaka achoke.

Nimerudi nyumbani, mume wangu, Baba Kulwa, ameinamia simu. Zamu yake mgodini imeisha, ana siku kumi za kukaa. Anaangalia picha za nyumba. Paa la kuficha, vioo vikubwa, taa zimepachikwa ukutani. Wenzake wote wa kule mgodini Bugarama wanajenga hizo. Anataka msanifu majengo atoke Mwanza, msomi, mwenye mhuri. Mimi namtaka Shija, mchora ramani wa hapahapa Nyasubi, yule wa pembeni ya steshenari. Wiki moja ramani iko mkononi, fundi anachimba msingi. Kiwanja kiko mtaa huuhuu, nyumba ya tatu kutoka hapa tulipopanga, na mwaka wa nne huu kinaota majani tu.

Sitaki nyumba ya kwenye simu. Namtaka mama yangu atoke Ushirombo anakoishi peke yake, kabla hajaanguka. Basi.

Jumatano, 6 Agosti

Tumekwenda kwa Shija baada ya kazi. Ukuta mzima umebandikwa nyumba za rangi. Akauliza vyumba vingapi. Baba Kulwa akasema vitatu, na cha nne cha mgeni.

Cha mgeni! Nikamtazama. Yeye akatazama feni.

Najua kwa nini. Msukuma wa kweli hamtaji mama mkwe wake ovyo mbele ya watu, seuze kumtajia chumba na choo. Hawalali chini ya paa moja. Hawatumii choo kimoja. Wakikutana njiani kila mtu anashika upande wake. Nina miaka kumi na miwili kwenye ndoa, sijawahi kuwaona mume wangu na mama yangu wamekaa chumba kimoja hata dakika moja. Ni heshima, si ugomvi. Lakini sasa heshima hiyo utaichoraje kwenye karatasi kama hutaki kuitamka?

Shija akafungua faili, akatoa ramani iliyo tayari. Dakika kumi hazikufika. Chumba cha mgeni kinatazamana na chetu, choo kiko katikati ya korido. Hakuuliza kitu. Na mimi nilikuwa na mdomo, nikaufunga.

Jumapili, 10 Agosti

Msanifu amekuja. Nilitegemea mzee mwenye miwani, kumbe msichana wa miaka thelathini hivi, amevaa raba. Bi Leticia. Baba Kulwa anamwita injinia, naye kila mara anamsahihisha bila kuchoka.

Amezunguka kiwanja kizima. Amesimama juani. Ameshika udongo, akaufinya. Halafu maswali. Nani anaamka wa kwanza? Nani anapika, na anapenda kupikia ndani au nje? Mapacha wenu watalala pamoja mpaka lini? Nimejibu mpaka koo limekauka.

Akafika kwenye kile chumba. Nani ataishi humu? Baba Kulwa: mgeni. Mgeni gani? Wageni tu. Dada wa watu akaningoja mimi. Alingoja kweli. Nikasema ndiyo, wageni tu, hawakosi.

Tumedanganya watu wawili ndani ya wiki moja, na tunawalipa watuchoree uongo wetu.

Alhamisi, 14 Agosti

Michoro ya Bi Leticia imeingia kwenye simu jana jioni. Nzuri, sitasema uongo. Upepo unapita, jua la mchana haliingii vyumbani. Na chumba cha mgeni kiko ubavuni mwa chetu, bafu moja katikati lenye milango miwili. Mmoja wa mgeni. Mmoja wetu.

Baba Kulwa ameigeuza simu kifudifudi, utadhani kaona mtu uchi. Kisha eti msomi mzima hana adabu. Nikamwambia adabu aipate wapi, ulimwambia mgeni. Akaniambia na wewe ulimwambia mgeni. Hapo alinishinda. Tumelala bila kusemeshana na asubuhi amerudi kazini.

Nimechoka na nyumba ambayo haina hata tofali moja.

Jumapili, 17 Agosti

Mama ameanguka. Jirani yake kanipigia. Alianguka nyuma ya choo alfajiri, akakaa pale chini mpaka watu walipotoka misa ya pili. Hakuita. Alisema aliona aibu kupiga kelele.

Niko kwenye basi la Ushirombo. Naandika vibaya, barabara inarusha.

Jumanne, 19 Agosti

Haijavunjika. Nyonga imevimba, wamempa dawa na fimbo. Nimekuja naye kwetu Kahama.

Amegoma kuingia. Amefika mlangoni kwetu, akauliza hapa ndipo anapolala mume wako? Nikasema yuko kazini, mama, hayupo mpaka wiki ijayo. Akasema sikukuuliza yuko wapi. Akaketi barazani kwa Mama Rehema, mpangaji mwenzetu wa ng'ambo ya ua. Mama Rehema hakuuliza maneno mengi. Kawahamisha wanawe, kampa kitanda. Mungu amzidishie.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimegundua mama hanywi maji.

Siku mbili nzima. Chai anaomba nusu kikombe, anaimwaga nikigeuka. Uji anasema umemkinaisha. Ua wetu una choo kimoja, wapangaji wote, na Baba Kulwa ni mmoja wao. Kwa hiyo hanywi ili asihitaji kwenda. Midomo imepasuka. Nimepiga magoti nikambembeleza kama mtoto. Ananiambia usinifundishe aibu, mimi ndiye niliyekufundisha.

Nimempigia Baba Kulwa mgodini. Nimemwambia bila kuzunguka: mama yangu anakauka kwa sababu ya choo chako. Halafu simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni yeye.

Jumamosi, 23 Agosti

Ameomba ruhusa, amekuja. Sikumwona. Amefika getini, amemwona mama ameketi uani anachambua mchele, amegeuka. Kanipigia akiwa dukani: nimefika, siingii. Amekwenda kulala gesti, mtu mwenye kitanda chake hatua ishirini.

Mama alishaona. Akajifunika kanga usoni. Akasema nirudishe kwangu, nimemfukuza mwanaume kwake. Akalia. Hata kwenye msiba wa baba hakulia mbele yangu. Nami nikalia, Mama Rehema akalia, mchele wenyewe ukabaki na mawe.

Jumatatu, 25 Agosti

Mama amerudi Ushirombo. Binti wa dada yangu amekubali kukaa naye hadi mwisho wa Oktoba, kisha anakwenda chuo. Zaidi ya hapo hakuna mtu. Miezi miwili.

Jioni Baba Kulwa amefanya jambo ambalo sikulitegemea. Amempigia Bi Leticia mwenyewe, akaweka sauti ya nje, akageukia ukuta. Akasema: "Mgeni yule ni mkwe wangu. Mama mzazi wa mke wangu. Haifai nisikie kikohozi chake, wala yeye asikie changu." Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Mwanaume anayefungua injini ya lori la mgodi ametolewa jasho na sentensi tatu.

Bi Leticia akasema asante kwa kuniambia. Akasema angetugawia nyumba mara mbili chini ya paa mbili, mama awe na mlango wake, choo chake, baraza lake upande wa mawio. Lakini ni jengo moja, msingi wake mmoja. Ni kulichora upya, kusubiri kibali, kuanza lote kwa pamoja. Si kazi ya miezi miwili, akasema, na sitawadanganya.

Jumanne, 26 Agosti

Kwa Shija. Nimemwambia yote, Baba Kulwa amesimama nje anakagua pikipiki ya watu. Shija kacheka mpaka kakohoa. Mficha uchi hazai, Mama Kulwa! Nyumba za mkwe anazichora kila leo. Nusu ya viwanja vya mtaa huu vina moja huko nyuma.

Akatoa karatasi. Chumba, sebule ndogo, choo ndani, baraza. Imejitenga, ina geti lake la uchochoroni. Kibali cha kijumba hicho, anasema, hakikawii, ila halmashauri lazima mpite.

Nikauliza, na nyumba kubwa? Akasema mama, mwenye haraka ni nani hapo?

Ijumaa, 29 Agosti

Siku tatu Baba Kulwa hasemi. Leo nimemkuta kitandani anafuta picha kwenye simu. Zile nyumba. Moja baada ya nyingine, anaitazama, anaifuta. Kisha kasema tuanze ya huko nyuma, yetu itakuja.

Haitakuja leo wala mwaka kesho. Tunajua wote wawili. Nilitaka kufurahi, nikaona huruma tu.

Nimempigia Bi Leticia kumwomba radhi. Hakukasirika. Kaniambia mwambie huyo fundi wenu mlangoni asiweke kizingiti, mtu wa fimbo atajikwaa, na chooni aweke vyuma vya kushikia pande zote mbili. Hakutaka chochote kwa maneno hayo. Nimempelekea Shija. Amenuna kidogo, eti wasomi hawa, kisha akachora vyuma.

Jumapili, 14 Septemba

Kibali kimetoka, msingi umekwisha, kuta zimefika madirishani. Baba Kulwa kila akitoka zamu anashinda pale. Anakoroga zege na mafundi, anabeba tofali. Mikono imepasuka. Mimi natoka kwenye pumba naingia kwenye saruji. Hatuongei siku hizi, tunapokezana ndoo.

Mama Rehema ananitania. Eti nasikia mumeo anajenga nyumba ndogo! Nikamwambia ndiyo, na mwenyewe ana miaka sabini na tatu, anatembea na fimbo. Tumecheka. Nilikuwa nimesahau kucheka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Imekwisha. Bati, rangi, maji.

Nimemkuta Baba Kulwa ndani peke yake. Anasugua matone ya rangi sakafuni kwa kisu. Amevuta maji ya choo mara tatu. Ameshika vyuma akaning'inia na uzito wake wote, kushoto, kulia. Amelala sakafuni pale kitanda kitakapokuwa, akatazama dirisha, akainuka akalirekebisha komeo ili mtu aliyelala alifikie. Ameketi barazani dakika chache.

Halafu amefunga mlango, amenipa ufunguo. Nikamwambia kaa kidogo basi, bado hajaja. Akasema hapana, inatosha.

Nyumba ya kwanza kuijenga maishani mwake. Hataingia tena.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama amefika. Swali lake la kwanza getini: ametoka humu? Nikasema ametoka tangu Jumamosi.

Akaingia polepole, anapapasa kuta. Chooni alikaa muda. Mapacha walikuwa wameshajitupa kitandani, wanasema wao wanahamia kwa bibi. Mama hakusifia kitu. Wakati wa kula akauliza haya madirisha nani kayapima. Nikasema yeye. Akasema mwambie nimelala salama. Nikamwambia mama, hujalala bado. Akasema mwambie hivyo hivyo.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua ya kwanza leo, saa tisa alasiri. Kubwa, ya mawe.

Baba Kulwa aliacha chai mezani akaenda kusimama barazani mwa nyumba ya jirani, pale unapoliona paa la mama. Nilimfuata na mwavuli. Alikuwa anatazama tu. Akaniuliza, unadhani inavuja pale kwenye kona ya choo? Nikamwambia sijui, wewe ndiye uliyeezeka. Akasema nenda ukaangalie.

Nimekwenda. Mama alikuwa amelala, dirisha kalifunga mwenyewe. Nimepapasa kona zote kwa mkono. Pakavu.

Nikarudi, nikamwambia haivuji. Akauliza kona zote? Nikasema zote. Akauliza, na ndani kukoje siku hizi? Nikamwelezea. Mkeka kautandika wapi, kanga kazitundika wapi, rosari iko msumari gani. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

Kisha tukarudi ndani. Chai ilikuwa imepoa, akainywa hivyohivyo.