Elida Hakujitupa Majini

Mwaka umekatika, Elida, na mpaka leo wapo watu hapa Kigoma wanaosema ulijitupa majini. Wanayasema sokoni Mwandiga, mbele ya meza uliyokuwa ukiuzia mawese, na dada yako Regina amekaa pale pale anawasikia. Ndiyo maana tangazo hili la kukukumbuka halitakuwa fupi. Picha tumeweka, ile uliyocheka mpaka ukafumba macho. Lakini tuna jambo la kukwambia, na tunataka walio jirani walisikie.

Ulikuwa mke wa Zefania na mama wa Feliksi. Ulikunywa chai ikiwa imeshapoa, kwa sababu kila ulipomiminiwa ulikuwa umeshainuka kufanya jambo jingine. Mikono yako haikujua kukaa bure. Hata msibani kwa watu ulitafuta kisu ukaenda kumenya mihogo na akina mama wa jikoni. Kila uliyekutana naye ulimwambia "Mwakeye", hata wafanyabiashara wa Kikongo kule Ujiji, mpaka nao wakazoea kukuamkia kwa Kiha.

Baada ya kumzaa Feliksi uliugua. Hatulifichi, maana wewe mwenyewe hukulificha. Ulilala umeuelekea ukuta, chakula hukitaki, mtoto akilia humsikii. Regina ndiye aliyekukalia, akikuwekea mtoto kifuani anyonye, akikuosha uso kwa kitambaa. Waliokuja kukuona walisema umerogwa, wengine wakasema ni uvivu na kudekezwa. Hospitalini muuguzi mmoja akatuambia kwamba hiyo ni sonona, kwamba inatibika, na kweli ikatibika. Ulipopata nafuu jambo la kwanza ulilomwambia Regina ni hili: "Kumbe ugonjwa huu una jina. Kwa nini watu walininyima jina lake?"

Kuanzia hapo hukukaa tena. Hakuna aliyekutuma wala aliyekuajiri. Ulitafuta wenzako waliopitia hali hiyo, mkaanza kukutana kila Alhamisi kwenye baraza la nyumba moja Kasingirima: wenye sonona, wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na ndugu zao waliochoka. Mlikunywa uji, kila mtu akasema wiki yake ilivyokwenda, anayetaka kunyamaza akaachwa anyamaze. Aliyeogopa kwenda kliniki peke yake ulimsindikiza. Aliyeacha dawa ulimfuata nyumbani, na hukuanza na dawa. Uliomba maji ya kunywa, ukakaa, ukauliza habari za shamba.

Kuna mwalimu mmoja, jina hatutaji kwa sababu ungetukataza, ambaye alikuwa amejifungia chumbani muhula mzima. Ulikuwa ukienda kwake asubuhi, unamfungulia dirisha, unafagia, unaondoka bila kumhubiria. Leo anafundisha. Siku ya maziko yako hakuja, aliogopa kuonekana mmoja wa watu wako. Hakuwa peke yake. Wengi uliowashika mkono hawakuja, Elida. Tunajua wewe ungewasamehe hapo hapo. Sisi ilituchukua muda.

Regina hakuipenda kazi hiyo, na alikuwa akikwambia waziwazi. Alisema unauguza wagonjwa wa watu huku mawese yako yakiharibika mezani. Ukamjibu kwa upole, "Dada, mimi ulinikalia. Wao nani anawakalia?" Tangu siku hiyo ulipokuwa na safari, yeye ndiye aliyekuuzia.

Safari ya mwisho ilikuwa ya Kagunga, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Ulisikia kwamba Recho, binti wa Mzee Martini mvuvi, alikuwa amepita siku nyingi bila kulala, akiongea mfululizo, akawagawia wapita njia nyavu za baba yake. Kisha akazima ghafla, hali wala hasemi, na ndugu wakamfunga mguu kwa kamba katika kibanda cha jikoni. Zefania hakutaka uende, kwa kuwa ziwa lilikuwa limechafuka wiki ile. Ulipokataa kubaki akakununulia jaketi la kuokolea maisha, la rangi ya chungwa, akakwambia, "Mama Feliksi, hili usilivue mpaka ukanyage mchanga."

Yaliyofuata tuliyapata kwa Recho mwenyewe. Ulifika, ukamwamkia Mzee Martini shikamoo, ukaomba maji, ukamsaidia mkewe kumenya mihogo. Ulikaa mpaka yule mzee akazoea sauti yako. Ndipo ukasema, "Mzee wangu, usinikasirikie. Kamba hii umemfunga mtoto, au umefunga aibu?" Mzee akainama akaifungua mwenyewe. Kesho yake akawasindikiza nyote wawili mpaka kwenye boti, ili umpeleke Recho hospitalini mjini.

Boti ilikuwa imeshajaa. Magunia ya dagaa yalipangwa mpaka usawa wa kingo, na bado mwenye boti alikuwa akiita watu. Baadhi ya abiria walikataa kukaa karibu na Recho. Yeye alikuwa akiyaogopa maji. Pale pale ufukweni, Elida, boti ikiwa haijaondoka, ulivua jaketi lako ukamvalisha na kumfunga kamba zake. Akakuuliza, "Na wewe?" Ukamwambia umekulia ziwani, unajua kuogelea tangu mtoto, na yeye aangalie milima tu asitazame maji.

Njiani upepo ulizidi na injini ikazima. Mawimbi yakaigeuza boti ubavu, magunia yakahamia upande mmoja, ikapinduka. Wavuvi waliokuwa karibu waliwaokoa wengi. Recho alielea na jaketi lako. Mara ya mwisho alikuona umemshika mama mmoja kwapani, unamsogeza kwenye dumu lililokuwa likielea ili alishike. Mama yule alipona. Wewe tulikupata siku iliyofuata.

Na hapa ndipo hasira yetu ilipo.

Kabla hatujakuzika, mwenye boti alikuwa ameshasema yake. Alisema kichaa mmoja alisimama, boti ikayumba, na mwenzake, ambaye naye ana historia hiyo, akavua jaketi katikati ya ziwa akajirusha. Jina la mwenye boti hatuliandiki hapa kwa kuwa shauri liko mikononi mwa polisi, lakini yeye akisoma atajijua. Hakutaja magunia. Hakutaja injini. Alihitaji mtu wa kulaumiwa akapata wawili, mmoja amekufa na mwingine haaminiki. Abiria wengine waliookoka walitawanyika makwao, hawakutaka kuitwa polisi. Na mji ukamwamini, kwa sababu habari za ugonjwa wako kila mtu alizijua. Ulizisema mwenyewe, miaka yote ile, barazani Kasingirima, ili mwingine asione aibu kusema zake. Neno ulilolitoa kwa ajili ya kuponya watu wakalichukua na kukuzikia nalo.

Siku ya maziko mzee wa kanisa alimvuta Zefania pembeni akamshauri ibada iwe fupi, bila kusoma historia ya marehemu, "kwa jinsi mambo yalivyotokea." Regina alisikia. Alisogea akasimama kati yao na jeneza, akasema, "Soma yote. Na mahali panaposema alijitolea kwa wagonjwa, soma mara mbili." Hakupaza sauti. Mzee yule akasoma yote.

Siku ya kumaliza matanga, Recho alikuja na baba yake. Alikuwa ameanza dawa, amekonda, anasema polepole. Alisimama mbele ya watu akaeleza kila kitu: magunia, injini, jaketi ulilomvalisha ufukweni. Watu wakatazama chini. Mmoja akasema kwa huruma, kama mtu anayemfunika mtoto, kwamba tusimsumbue binti, ni mgonjwa, aketi apumzike. Recho akaketi. Regina anasema katika maisha yake hajawahi kuona mtu akizibwa mdomo kwa upole namna ile.

Baadaye akaja Dunia, muuza vitenge wa Ujiji, aliyekuwa ndani ya boti ile akaumia, akawa anauguzwa kwa ndugu zake ng'ambo ya ziwa, Kongo. Aliyaeleza yale yale, kwetu na kwa polisi. Hakuongeza wala hakupunguza. Basi watu wakaanza kuja upya nyumbani kutoa pole, wengine wakilia. Regina aliwapokea, akawapa viti, kisha akawauliza, "Recho aliwaambia haya haya. Mlikuwa mnasubiri nini?" Chai yao hawakuimaliza.

Tunalo jingine la kuwaambia. Kama ungekufa kwa sonona, Elida, kama ugonjwa ule ungerudi na kukushinda, tungeandika tangazo hili hili, kwa picha hii hii, na kichwa tungekiinua vile vile. Tunakataa uongo ule kwa sababu ni uongo, na kwa sababu unamfichia mtu kosa lake. Hatuukatai kwa sababu eti wagonjwa ni watu wa kuonewa haya. Wewe hukutufundisha hivyo.

Boti imepakwa rangi mpya. Tunaiona ikipita, na magunia yake. Shauri halijaisha, na Zefania hachoki kwenda kuuliza limefika wapi. Feliksi hupanda boti nyingine. Jaketi lile Recho alilirudisha, akalitundika mwenyewe ukutani kwetu, na Zefania hakutaka liondolewe.

Baraza la Kasingirima halikufungwa. Wiki chache baada ya matanga Regina alikwenda na sufuria ya uji, akidai anapeleka tu chombo. Hajaacha kwenda. Hana upole wako. Ndugu wanaofunga wagonjwa wao huwafuata mpaka mlangoni na kugombana nao, kisha hukaa nao mpaka kamba inafunguliwa. Yule mwalimu naye amerudi. Alikaa mwisho wa benchi, akalia, hakuna aliyemwuliza kitu.

Recho sasa anaanika dagaa Kagunga na anakunywa dawa zake. Tulipokuwa tukiandaa maneno haya tulimwuliza kama tumtaje au tumwache. Mzee Martini aliomba tumwache. Alisema ana mabinti wengine bado hawajaolewa, na watu wana midomo. Recho alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, Elida walimchafulia jina kwa ajili yangu. La kwangu liandikwe." Mzee akavutavuta ukosi wa koti lake. Halafu akatugeukia sisi.

"Andikeni na la kwangu," akasema.

Basi wanaokukumbuka ni mumeo Zefania, mwanao Feliksi, dada yako Regina, wenzako wote wa baraza la Kasingirima, wenye majina na wasiotaka kutajwa, Dunia wa Ujiji, na kutoka Kagunga, Recho binti Martini, na baba yake, Mzee Martini.

Hutatoka mioyoni mwetu, Elida. Na kila atakayesema ulijitupa, tutamjibu.