Uledi alijua nimeisoma

Maimuna uko? Nimetoka nyumbani kwa shangazi Gerezani sasa hivi, niko kwenye bajaji.

Si unajua nilimblock Uledi kila mahali tangu niondoke kwake, nikasahau imeili, akaniandikia moja ndefu ya kuomba msamaha. Leo shangazi ametuweka kikao. Mimi nikasema sijaifungua.

Uledi akatoa simu yake. "Shangazi, Siti ameifungua. Jumatatu ameisoma. Alhamisi kairudia. Hata leo asubuhi."

Akataja na saa, Maimuna. Saa zenyewe!

Nikamuuliza amejuaje. Akacheka. Kumbe kaweka kipicha ndani ya imeili, kidogo hata hukioni. Kila nikiifungua, simu yangu inakwenda kukivuta kile kipicha kwake, naye anapata taarifa. Ndivyo wanavyofanya ofisini kwao Posta kwenye matangazo, kujua nani kasoma. Mimi mke wake, kanifanya mteja.

Anaomba msamaha huku ananichunga.

Shangazi naye: "Si unaona bado unampenda."

Nikamwambia Uledi, "Nilisema sijaisoma ili yale maneno uyaseme kwa mdomo wako. Ungeyasema, leo ningerudi."

Nikachukua mkoba nikatoka.

Nimeingia kwenye mipangilio ya imeili, nimezuia picha zote, hazifunguki mpaka niruhusu mwenyewe. Halafu nikaisoma tena. Maneno ni yaleyale, matamu vilevile, na nimelia mbele ya dereva wa watu.

Angalau hilo Uledi halijui.