Kihenge Kikubwa, Mdomo Mdogo

Mjukuu na mume wangu Hamisi,

Huku Chuno hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua salama, na goti langu limetulia kidogo.

Ujumbe wako nimesomewa mara mbili, na bado kichwa kinanizunguka. Kompyuta ya steshenari yako inachelewa kuwaka mpaka wateja wanaondoka. Sasa unataka hela ya korosho zangu ununue diski kubwa ya kizamani, au ndogo yenye kasi, na bei ni ileile. Kidogo kiwe na bei ya kikubwa? Hapo mimi nimepotea.

Ila nimekumbuka kihenge chetu cha kuhifadhia mtama kule Ziwani, nilipokuwa kigoli. Baba alikisuka upya kikawa kikubwa, lakini kitundu cha kutolea mtama akakiacha vilevile. Siku walipokuja wakwe, Mama alichota kiganja kwa kiganja, wageni wakaaga hata ugali haujasongwa. Mama akamwambia Baba, "Tumbo umeliongeza. Mdomo je?"

Sijui kama kompyuta nayo ina mdomo. Lakini hebu itazame hiyo yako: imejaa, au inachelewa tu kutoa? Kama haijajaa, mume wangu, tumbo la nini?

Mkeo wa kwanza,
Bibi Somoe