Plagi Mfukoni

3 Machi

Kwa Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi mzima, nipo na pasi na majiko ya umeme ya watu, natengeneza yanayotengenezeka.

Bibi, nimepata mchumba na amenikubali. Harusi ni mwanzoni mwa mwezi wa tano. Najua utauliza nani atapika pombe, na najua daktari wa macho amekuambia moshi sasa basi. Jibu limo kwenye kifurushi alichokuletea dereva wa basi. Ni hita ya kuchemshia maji. Unaizamisha kwenye sufuria, unawasha, maji yanapata moto bila kuni wala moshi.

Ila nisikilize. Tumia sufuria kubwa, si ndoo ya plastiki. Hita itangulie kuingia majini ndipo uchomeke plagi, maana ikiwaka nje ya maji inaungua na kupasuka. Ikishawaka usiiache peke yake. Kimea usikitie humo, kitagandia kwenye hita. Pasha maji matupu, kisha uyamwage juu ya kimea. Na usianze kabla fundi hajafunga ile swichi inayokata umeme yenyewe ukivuja. Nimeshaongea naye.

Mumeo,
Mjukuu

11 Machi

Kwa mume wangu mwenye mambo,

Marahaba. Macho yanawasha kidogo, lakini barua yako nimeisoma mwenyewe. Kwa hiyo umeniletea mke mwenza bila hata kuniuliza. Nimecheka mpaka kuku wakakimbia uani. Mwambie sina wivu, nina masharti tu.

Hita nimeiweka mezani nakula huku naitazama. Fundi naye amekuja, amefunga swichi yake na kunipa somo refu ambalo wewe ulishanipa. Mume wangu, nilijua nimestaafu. Tangu daktari aseme maneno yale nilikuwa nimeyafunika mapipa yangu magunia ili nisiyaone. Leo nimeyafunua, nimeyasugua, na moyo hautulii.

Jambo moja hukuligusa. Maji ya kimea nayapima kwa kidole tangu nikiwa msichana. Yakizidi moto kimea kinakufa, yakipungua tunakunywa maji ya kunawia. Kidole kikikatiza majini mara moja na hakitaki kurudi, hapo yako tayari. Nitachovya vilevile.

Mkeo wa kwanza,
Bibi

13 Machi

Bibi,

Shikamoo, hali nitauliza mwisho. Kidole kisiingie humo hita ikiwa inawaka. Ikiwa na ufa mwembamba tu, umeme unapita majini na kuja kwako. Chomoa plagi kwanza, kila mara, hata kama unagusa sufuria tu. Na vaa ndala, usisimame peku.

Barua hii nimempa dereva mkononi. Nijibu upesi. U hali gani?

Mjukuu

2 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukueleza bila wewe kupiga kelele. Mimi mzima. Kidole nacho kizima, ndicho kimeshika kalamu.

Barua yako ilifika jioni na mimi nilianza asubuhi. Nilitaka kwanza kuona hita inavyowaka, basi nikaichomeka kavu. Ikawa nyekundu, nikamwita jirani aje aone. Ndipo nikaitumbukiza kwenye sufuria, ikapiga kelele kama paka aliyekanyagwa. Nikangoja, nikachovya. Kitu kikanipiga mpaka kwenye kiwiko, na papo hapo taa na redio vikazimika. Swichi ya fundi ilikuwa imejikata. Bila hiyo ungekuja kunizika badala ya kuoa.

Nilikaa kwenye kigoda natetemeka. Lakini nakwambia ukweli, katika kutetemeka huko nilikuwa na furaha. Maji yalikuwa yamekaribia kuwa tayari, na machoni mwangu hapakuwa na chozi hata moja la moshi.

Niletee hita nyingine, hii imepasuka.

Bibi

5 Aprili

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Hita nyingine siileti. Watu watakunywa bia za kreti na soda, na harusi itakuwa harusi. Nimeogopa sana, Bibi. Wewe ninaye mmoja tu.

Mjukuu

20 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Hunijibu. Kununa kwako nakujua, lakini safari hii kumezidi.

Mchumba wangu amezisoma barua zako zote. Alicheka, akalia, kisha akanigombeza mimi. Anasema nikikunyima pombe hii nimekunyima harusi yenyewe. Nimeshindwa. Anakuja kwako na hita mpya kwenye begi, pamoja na kipimajoto. Nimemwagiza asikuache peke yako na sufuria hata dakika moja. Naomba umsikilize.

Mumeo anayekuogopa,
Mjukuu

27 Aprili

Mume wangu,

Marahaba, marahaba tena. Kununa kumeisha.

Mke mwenzangu amefika na vumbi la safari, hajanywa hata maji akauliza sufuria iko wapi. Nikampenda hapohapo. Nikamwonyesha nilichokuwa nakishona siku zote nilizokunyamazia. Nimeweka mfuko mkubwa mbele ya aproni yangu. Sheria ya nyumba hii sasa ni kwamba kidole hakiingii majini mpaka plagi iwe mfukoni. Si kuzima ukutani tu. Plagi ichomolewe, niishike kwa mkono mkavu, niitie humu.

Tukatia maji, tukazamisha hita, tukavaa ndala, ndipo tukachomeka. Hakuna aliyeondoka hapo. Kipimajoto chako tulikitumia pia, ili usiseme. Kiliposema tayari nikachomoa plagi nikaitia mfukoni, nikakunja mkono wa gauni nichovye.

Akaniambia, "Bibi, nionyeshe na mimi."

Nilimtazama. Wanangu sikuwafundisha, walikuwa wanakimbia moshi, na wewe ulikimbilia nyaya. Nikamwambia achovye, akatize mara moja, asikilize kama kidole kinataka kurudi. Alichovya akaruka, kisha akacheka. Akasema hakitaki.

Plagi ilikuwa mfukoni mwangu, kidole kilikuwa chake.

Pombe sasa imo kwenye mapipa na inatoa povu zuri. Tumelala chumba kimoja tunaisikiliza, tukikusengenya. Nilikuwa nimejiambia hii ya harusi yako ndiyo ya mwisho, nikaificha habari hiyo hata kwako. Leo nimetoa kitambaa kingine kwenye sanduku. Namshonea aproni yake, mfuko mbele.

Wewe njoo na kiu tu.

Wake zako wawili,
Bibi na mwenzake