E na T Kwenye Lori la Baba Neema

Kaka Tluway,

Ni wiki ya sita tangu tukuzike Sigino. Nakuandikia kwa sababu kuandika ndiyo kazi pekee niliyoiweza. Kulima sikuweza, kufuga sikuweza, na brashi ulininyang'anya mwenyewe nikiwa darasa la sita, ukasema naharibu rangi.

Nyumbani hawajambo. Shemeji amevuna mbaazi, si nyingi. Banda lako la kando ya barabara kuu limefungwa, ufunguo ninao mimi. Tangu tutengwe na Arusha tukawa mkoa, kila mara inafunguliwa ofisi mpya, na kila ofisi inataka kibao. Wanakuja, wanagonga, wanaambiwa umefariki, wanatoa pole, kisha wanauliza fundi mwingine anapatikana wapi. Siwalaumu. Kibao lazima kiandikwe.

Lakini nilichokusudia ni kukueleza habari ya malori, na ya ile makala yangu ya mwaka jana.

Niliandika gazetini kwamba ni aibu malori yetu yavuke mpaka na herufi EAT mgongoni. Kwamba herufi hizo alitupa Mwingereza ili atutambue katika mali zake, Afrika Mashariki kwanza, Tanganyika nyuma. Kwamba nchi iliyoungana na kubadili jina tangu enzi za baba zetu bado inabandika kwenye magari jina la marehemu. Niliwachapa wakubwa wa wizarani, nikawachapa wasomi wanaojua na kunyamaza. Hoja hiyo siifuti hata leo. Ungekuwepo tungeigombea tena mpaka chai ipoe, nawe ungesema lile neno lako: "Mheshimiwa mwandishi, dereva anataka kuvuka. Hakuuliza historia."

Ninachofuta ni aya ya nne. Humo nilimsema "fundi mmoja wa Babati" anayechora herufi hizo kutwa bila kujiuliza anachora nini, kama kasuku aliyepewa brashi. Jina sikutaja. Lakini mji huu una mafundi wangapi wa maandishi? Madereva wakakuita Kasuku mwaka mzima. Ulicheka nao, ukawaitikia. Mimi nikachukulia kwamba yamekwisha. Na tuseme kweli, sikuwahi kumwomba mtu radhi kwa nililoandika. Nilijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia ng'ombe.

Siku ya kuanua matanga, Baba Neema alinivuta nyuma ya zizi. Yule wa vitunguu, mwenye lori la buluu. Akanieleza jambo ambalo wewe hukunieleza.

Kumbe aliisoma makala yangu ikamwingia. Alikuja kwako akataka umfutie EAT umwandikie TZ. Ulimkatalia mara mbili. Akakwambia, "Mdogo wako msomi ndiye kasema, wewe Kasuku utapinga?" Ukamwandikia. Mpakani afisa akamwambia alama hiyo haimo kwenye orodha yake. Akakaa siku tatu na vitunguu vyake juani, vikaanza kuoza chini ya turubai. Aliporudi alikuja bandani kukutukana, na anasema alikutukana vizuri. Ukamsubiri amalize. Kisha ukamwambia, "Kosa ni langu, Baba Neema. Ningekataa mara ya tatu."

Jina langu hukulitaja.

Ukapiga msasa ile TZ siku hiyohiyo, ukapaka upya lile umbo jeupe la yai linalobeba herufi. Kesho yake ukaandika E na T. Watu hawajui kwamba hukuandika kwa mfuatano kama mtu anayesoma. Uliweka za kando kwanza, ukaziacha zikauke, ndipo ukaingiza ya katikati. "Anayeanza mwanzo huishiwa nafasi," ulikuwa ukisema. Ukamwambia Baba Neema arudi asubuhi kwa ajili ya A. Asubuhi hiyo presha ilikuangusha mlangoni pako.

Tangu hapo lori lile limekuwa likizunguka minadani humu humu na E na T na uwazi katikati. Kuvuka hathubutu. Nilimwambia aende kwa fundi mwingine, yule wa mtaa wa Bagara, amalizie. Akakataa. "Msomi," akasema, "fundi wa Bagara hakuandika gazetini. Wewe ndiye uliyeifuta. Utairudisha wewe."

Nilimzungusha wiki tano, kaka. Mimi niliyewaandikia mawaziri bila kutetemeka, niliogopa herufi moja.

Jana mchana nilifungua banda. Brashi yako nyembamba ilikuwa bado ndani ya kopo la mafuta ya taa, laini, kana kwamba umeiacha kwa muda tu. Mstari wako wa chaki ulikuwa haujafutika vizuri kwenye lile yai, kwa hiyo nilijua miguu ya A ikanyage wapi. Hata hivyo mguu wa kulia umetoka mrefu. Nilitaka kuufuta, nikakumbuka ulivyokuwa ukigomba: rangi mbichi haifutwi, hutapakaa. Nikaiacha. Baba Neema alisogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. "Imelewa kidogo," akasema. "Lakini inasomeka." Leo alfajiri ameondoka na vitunguu kwenda mpakani.

Barua ya kufuta aya ya nne nimeimaliza kabla ya hii. Kesho inaondoka na basi kwenda kwa mhariri, na ikikataliwa nitaipeleka kwa mwingine, kisha kwa mwingine. Kazi hiyo unajua naiweza. Nimeandika kwamba yule fundi alijua anachochora kuliko mimi nilivyojua ninachoandika. Nimeandika kuhusu siku tatu za Baba Neema na nani hasa alizisababisha.

Lala salama, kaka. Brashi nimeirudisha kwenye kopo, na mafuta ya taa nitayaongeza kila yakipungua.

Na safari hii jina lako nimelitaja.

Mdogo wako