Plasta kwenye Kamera

Kwako kaka yangu,

Huku hatujambo. Paka kazaa ndani ya kabati lako, nimemwacha.

Video niliyokutumia ina sauti tu. Ile plasta uliyobandika kwenye kamera ya kompyuta, eti tusichunguliwe, nilisahau kuibandua. Macho yangu yote yalikuwa kwa mama, asije akaanguka, maana alitembea bila fimbo ili umwone. Utamsikia akiuliza, "Mwanangu, unaniona?"

Tangu juzi hanyanyuki tena kitandani. Kila nikiingia ananiuliza, "Kasemaje?" Najitia kukunja nguo.

Kaka, mpigie umwambie alipendeza. Alivaa lile gauni la kijani ulilomletea. Alizunguka mara moja, akashika ukuta, akacheka.

Mdogo wako